UZI: Sindano za homoni kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa (Kigoma na Tabora). Tarehe, joto, namna ya kuchoma na yanayoharibika

#1 NesiWaGungu

Wakuu heshima kwenu. Maswali ya "ile sindano ya tumboni" yanajirudia na majibu yametawanyika, tuyakusanye hapa. Naomba uzi ubaki wa kazi: dozi, tarehe, namna ya kuchoma, kinachoharibika na kwa nini. Pole tunapeana kwenye nyuzi nyingine.

Kwanza tuelewane sindano inafanya nini, maana wengi wanaichukulia kama kemo. Haiui seli za saratani moja kwa moja, inazinyima chakula. Seli za tezi dume hutegemea testosteroni, na zaidi ya asilimia 90 ya testosteroni hutoka kwenye korodani. Korodani nazo hazijiamulii. Zinaamriwa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo hupigiwa hodi na ubongo kwa vipindi. Sindano za goserelini, leuprorelini na triptorelini zinapiga hodi mfululizo, usiku na mchana. Siku za mwanzo pituitari inakimbilia mlango kila hodi, testosteroni inapanda kupita kawaida. Halafu inachoka, inaacha kufungua, na ndani ya wiki 2 hadi 4 testosteroni inashuka hadi kiwango cha mtu aliyeondolewa korodani.

Ukiishika hiyo ya hodi, sheria nyingi za sindano hizi zinajieleza. Ndiyo maana kuna vidonge vya kutangulia. Ndiyo maana tarehe haichezewi. Na degareliksi, sindano nyingine ya homoni, haina mpando wa mwanzo kwa sababu yenyewe haipigi hodi, inaziba tundu la ufunguo.

Dozi: goserelini (Zoladex) ni 3.6 mg kila siku 28, au 10.8 mg kila wiki 12. Triptorelini ni 3.75 mg kila wiki 4, 11.25 mg kila wiki 12, na ipo ya 22.5 mg ya wiki 24. Leuprorelini ndiyo inayochanganya watu: kiwanda kimoja ya mwezi ni 3.75 mg na ya miezi 3 ni 11.25 mg, kingine ya mwezi ni 7.5 mg na ya miezi 3 ni 22.5 mg. Zote sahihi kwa maandalizi yake. Usilinganishe miligramu za pakiti moja na za pakiti nyingine ukadhani mgonjwa kapunjwa, na usiwahi kugawa ya miezi 3 kuwa tatu za mwezi. Namna ilivyotengenezwa ndiyo inayoamua itatoka mwilini kwa kasi gani.

#2 Mfamasia_Isevya

Asante dada kwa kufungua. Naanza na mwanzo wenyewe, kwa sababu wiki 2 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa kuliko miaka inayofuata.

Mpando wa testosteroni unaweza kuzidisha maumivu ya mifupa, kuziba mkojo kabisa, na kwa mwenye saratani kwenye pingili za mgongo, uvimbe ukaukandamiza uti wa mgongo. Kinga yake ni bikalutamidi 50 mg, kidonge 1 kwa siku, muda uleule kila siku. Huanzishwa siku 3 hadi 7 KABLA ya sindano ya kwanza na kuendelea wiki 3 hadi 4 baada yake. Yenyewe haishushi testosteroni, inakaa kwenye kiti chake ili testosteroni ikifika ikose pa kukaa.

Makosa matatu ninayoyaona kwenye vyeti. La kwanza: kidonge na sindano vinaanza siku moja, kwa sababu mgonjwa katoka mbali na hatarudi wiki ijayo. Basi aandikiwe vidonge mapema, avinunue, aanze akiwa nyumbani, aje kuchomwa. La pili: vidonge haviachwi. Vimeandikwa vya mwezi, mgonjwa anavinunua mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyemwambia visimame. Waulize daktari wenu kwa maneno haya: "Hivi vya kukinga mwanzo tu, au vya kuendelea?" La tatu: ini halijapimwa. Macho yakiwa ya njano au mkojo wa rangi ya kokakola, acha vidonge, nenda hospitali.

Mgonjwa ambaye tayari ana ganzi ya miguu au amewekewa mpira wa mkojo asianzishwe sindano ya hodi bila daktari kufikiri mara mbili. Hapo degareliksi au upasuaji ni salama zaidi.

#3 Mwana_Ujiji

Wakuu, dalili za uti wa mgongo zitajwe waziwazi. Watu huku wanasugua mgongo kwa mafuta ya mawese wiki nzima.

#4 NesiWaGungu

Sawa kabisa. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi ukilala au ukikohoa. Miguu kukosa nguvu, kujikwaa, kushindwa kuinuka kwenye kigoda. Ganzi sehemu za kukalia, yaani pale panapogusa tandiko la baiskeli. Mkojo kugoma, au haja kutoka bila kujijua. Moja tu kati ya hizo kwa mwenye saratani ya tezi dume ni dharura ya siku hiyohiyo, hata iwe Jumapili. Kwa Kigoma mjini ni Maweni, kwa Tabora ni Kitete. Sema mlangoni: "Ana saratani ya tezi dume, miguu imeanza kulegea leo." Hospitali huanza na deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) wakati rufaa ya mionzi au upasuaji inaandaliwa. Anayefika angali anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyebebwa baada ya siku 3 za kupooza, mara nyingi miguu hairudi.

#5 Kifua_Chepesi

Mimi nipo zahanati wilayani (siitaji). Mgonjwa anakuja na Zoladex yake mkononi kutoka Mwanza na barua. Naomba hatua za kuchoma, maana siyo kama sindano za kawaida tulizozoea.

#6 NesiWaGungu

Hapo umegusa penyewe. Ndani ya bomba la Zoladex hakuna maji, kuna kipande kigumu mfano wa punje ya mchele. Ya 10.8 ni kubwa kuliko ya 3.6. Ndiyo maana sindano ni nene: geji 16 kwa 3.6 na geji 14 kwa 10.8. Mwambie mzee mapema kwamba ni nene, asije akaruka.

Kabla ya kufungua: soma dozi, tarehe ya mwisho, na uhakikishe pochi ya foili haijatoboka. Muulize kama anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Muulize pia sindano iliyopita ilichomwa upande gani, ili leo uhamie mwingine.

Mlaze nusu, kichwa na kifua vimeinuliwa kidogo. Sehemu ni ukuta wa mbele wa tumbo, CHINI ya mstari wa kitovu. Safisha, acha pakauke. Toa bomba kwenye pochi, liinamishe kidogo kuelekea mwanga uone punje kwenye kidirisha. Usipoiona, usichome. Chomoa kile kizuizi cha plastiki, toa kifuniko cha sindano.

Sasa zile tabia zetu mbili lazima uziache. USITOE HEWA: ukisukuma bomba juu kama ulivyozoea, punje inaanguka sakafuni na dozi ya miezi 3 imeishia hapo. Pia USIVUTE NYUMA kuangalia damu. Ukigonga mshipa mkubwa, damu utaiona yenyewe ndani ya bomba.

Kunja ngozi kwa vidole. Ingiza sindano kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, mdomo wa sindano ukitazama juu, hadi kile kikinga cha plastiki kiguse ngozi. Lengo ni mafuta yaliyo chini ya ngozi, si misuli wala ndani ya tumbo. Kwa mzee aliyekonda, pembe iwe ndogo zaidi. Sukuma mpaka mwisho kabisa, usikie "tik" na uone kikinga kinaanza kuteleza. Hapo ndipo punje imetoka. Ukiishia njiani, kikinga hakitafunga na punje inaweza kurudi na sindano. Chomoa, weka pamba, bonyeza dakika kadhaa, plasta. Angalia kwenye shuka na sakafu kwamba hakuna punje iliyodondoka. Sindano iende kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali, na usirudishie kifuniko.

Damu ikionekana kwenye bomba, chomoa mara moja, bonyeza kwa nguvu, mlaze, mpime presha na mapigo. Mishipa mikubwa ya ukuta wa tumbo inapita huko chini na inaweza kuvuja ndani bila kuonekana nje. Mzee akianza kutoka jasho, kizunguzungu, tumbo kuuma na kuvimba, hiyo ni rufaa, si ya kusubiri kesho. Dozi itarudiwa kwa bomba jipya, mahali pengine.

Ganzi ya lidokeini si lazima, ila kwa 10.8 wengi wanaishukuru.

#7 Mfamasia_Isevya

Naongezea za unga, maana ndizo zinazoharibika zaidi.

Leuprorelini na triptorelini nyingi ni unga wa chembechembe ndogo unaochanganywa na maji yake yaliyomo kwenye pakiti. Kosa kubwa: kichupa cha maji kimevunjika, mtu anachukua maji ya sindano ya kawaida kabatini. Maji ya pakiti yana vitu vya kuzifanya chembe zielee. Ukitumia mengine zinashuka chini, zinaziba sindano, mgonjwa anapata nusu dozi na nusu inabaki kwenye bomba. Maji yakivunjika, pakiti nzima imeharibika, rudisha ulikoichukua.

Kosa la pili ni kuchanganya kisha kwenda kuandika rejesta. Changanya mgonjwa akiwa tayari kajilaza, ikishakuwa kama maziwa choma hapohapo, kwenye msuli au chini ya ngozi kadiri pakiti inavyosema. Ukiona weupe umekaa chini ya bomba, zungusha tena taratibu.

Degareliksi ni kinyume: usitikise, inatoa povu. Zungusha polepole, inaweza kuchukua hadi dakika 15 kuwa angavu. Dozi ya kwanza ni 240 mg, yaani sindano MBILI za 120 mg siku moja, sehemu mbili tofauti za tumbo. Baada ya hapo 80 mg kila siku 28. Isichomwe panapokaa mkanda wa suruali wala karibu na mbavu, na usisugue. Wekundu na uvimbe wa siku 2 au 3 ni kawaida. Mgonjwa akidai kachomwa mbili kimakosa, mtulize: ya kwanza ndivyo ilivyo.

#8 Bomba_la_Kaliua

Mkuu hapo kwenye siku 28 na "kila mwezi" kuna tofauti gani ya maana? Mbona kadi nyingi zimeandikwa tarehe ileile ya kila mwezi.

#9 Mfamasia_Isevya

Tofauti ipo na ndiyo inayonikera kuliko zote. Chukua kalenda ya 2026. Sindano ya kwanza Jumatatu tarehe 5 Januari. Kwa siku 28 zinazofuata ni 2 Februari, 2 Machi, 30 Machi, 27 Aprili, 25 Mei, 22 Juni, 20 Julai, 17 Agosti, 14 Septemba, 12 Oktoba, 9 Novemba, 7 Desemba. Sindano 13 kwa mwaka, na ZOTE zimeangukia Jumatatu. Ukifuata "tarehe 5 kila mwezi" unapata 12, na karibu kila mara umechelewa siku 2 au 3.

Ya wiki 12 vilevile: 5 Januari, 30 Machi, 22 Juni, 14 Septemba, 7 Desemba. Ukihesabu "miezi 3" unafika 5 Aprili, umechelewa siku 6.

Siku chache za kuchelewa zinavumilika, hakuna haja ya kumtisha mtu. Tatizo ni zile 6 za kadi, kuongeza 4 za gari kukosekana, kuongeza 5 za dawa kuwa "inakuja wiki ijayo". Hapo punje imeisha, pituitari imepumzika, inaanza kuitikia hodi tena. Kwa hiyo hesabuni wiki, si miezi. Shika siku ya wiki: "wangu ni wa Jumatatu". Kuwahi siku 2 au 3 hakudhuru. Na dawa ianze kutafutwa wiki 3 kabla, hasa kama bima yenu inadai kibali. Jina, nguvu ya dawa na idadi viandikwe wazi kwenye fomu. Karatasi iliyoandikwa "Zoladex 1" bila 3.6 wala 10.8 ni safari ya bure.

#10 Bomba_la_Kaliua

Nimeelewa. Kadi zirekebishwe.

#11 Reli_ya_Kati

Suala la joto. Watu wanafuata dawa Ocean Road Dar au Bugando Mwanza, kisha wanarudi nayo. Treni ya Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, siku nzima na zaidi. Basi la Mwanza kupitia Nyakanazi na Kibondo nalo si mchezo. Dawa inafika vipi?

#12 Mfamasia_Isevya

Zoladex inatakiwa isizidi nyuzi 25. Haihitaji friji, na wala barafu haitakiwi iiguse. Kuna leuprorelini ya kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kuna ya joto la kawaida. Soma ubavu wa pakiti yako, usichukue ushauri wa pakiti ya jirani.

Tabora mwezi Oktoba joto la mchana linapita 30. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Kwa hiyo: dawa ikae kwenye mkoba wa mkononi, miguuni pako, si kwenye buti wala juu ya bodi. Mkoba uwe na kiboksi cha foamu au chupa pana ya chai iliyo tupu na kavu. Chupa ya maji baridi iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe pembeni, katikati pawe na kitenge kilichokunjwa. Maji baridi, siyo barafu tupu: hata dawa ya friji ikiganda imekwisha.

Nyumbani bila friji: chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kivulini penye upepo, dawa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kiangazi inapoza vizuri kwa sababu hewa ni kavu. Masika inapoza kidogo tu, na Kigoma karibu na ziwa usiitegemee sana. Dawa za friji usizikabidhi chungu.

Lililo bora kuliko yote hayo: usikae na dawa. Ifike leo, ichomwe leo au kesho. Kabla ya kusafiri piga simu hospitali ya mkoa uulize kama watakuchomea ukija na dawa na barua, siku gani, na nani.

#13 Mzee_wa_Uvinza

Mnazungusha maneno. Upasuaji wa kutoa korodani upo, unafanyika mara moja na kumaliza. Kwa nini mtu wa kijijini afukuzane na sindano 13 kwa mwaka?

#14 NesiWaGungu

Shikamoo mzee. Hoja yako ni ya haki na nashangaa ilivyochelewa kufika. Matokeo ya kushusha testosteroni ni yaleyale. Huggins na Hodges walionyesha mwaka 1941 kwamba kuondoa korodani kunairudisha nyuma saratani hii, na Huggins akapata Nobel mwaka 1966. Sindano zimekuja baadaye kuiga kilichokuwa kinafanywa kwa kisu. Baada ya upasuaji testosteroni inaanguka ndani ya saa, mara nyingi chini ya siku moja. Hakuna mpando, hakuna bikalutamidi ya kutangulia, hakuna kalenda, hakuna nauli. Ganzi ni ya kiunoni au ya hapohapo, kovu dogo, na wengi hurudi nyumbani siku ileile au ya pili. Kinachoweza kwenda vibaya: mfuko kuvimba kwa damu, au kidonda kupata usaha. Chupi ya kubana wiki 2 na kutobeba vizito husaidia. Ipo pia namna ya kutoa kiini tu na kuacha ganda, mfuko ukabaki na kitu ndani kwa kugusa.

Kisichorudi ni uamuzi. Ndiyo maana mgonjwa ambaye homoni zake ni za muda hapaswi kukimbilia kisu. Kuna wenye saratani ambayo haijasambaa mbali, wanaopata mionzi, na sindano zao ni za miezi 18 hadi 36 tu, kisha zinasimama. Aliyesambaa kwenye mifupa kwa kawaida ni maisha.

#15 Mfamasia_Isevya

Nakubaliana, ila naomba tuache neno "kuhasiwa" mbele ya mgonjwa. Neno hilo ni la maksai. Nimeona maelezo mazuri ya daktari yakifa kwa sababu ya neno moja. Semeni "kutoa korodani" au "upasuaji wa homoni".

Na mzee naye aelezwe ukweli mwingine: hamu na nguvu za kiume zinapungua kwa njia zote mbili. Anayechagua sindano ili abaki mwanaume kamili kadanganywa.

#16 Mzee_wa_Uvinza

Hapo sawa. Mjukuu umejibu.

#17 Kifua_Chepesi

Swali la zahanati: mgonjwa wa sindano hizi anakuja kila wiki anasema ana homa, anatoka jasho usiku, anataka dawa ya mseto.

#18 NesiWaGungu

Hili ni la Kigoma hasa, mkoa wa malaria. Mawimbi ya joto yanayoletwa na kukosa testosteroni yanafanana na homa kwa mgonjwa, lakini kwa kipimajoto hayafanani. Wimbi linaanzia kifuani au usoni, linapanda, jasho, dakika chache limepita, labda linafuatiwa na ubaridi. Linarudi mara kadhaa kwa siku. Joto la mwili ni la kawaida, hakuna kichwa kuuma wala kutapika. Malaria haiji dakika 4 ikaondoka.

Lakini mgonjwa wa homoni anaweza kupata malaria kama mtu yeyote. Kwa hiyo pima joto, fanya kipimo cha haraka cha kidoleni KILA mara. Hasi, usimpe mseto "kwa usalama". Chanya, mtibu, ila mweleze anayeandika dawa kwamba yuko kwenye homoni. Tiba ya kushusha testosteroni inaweza kurefusha mdundo wa umeme wa moyo, na mseto wa lumefantrini pamoja na kwinini navyo vina tabia hiyo. Kwa mwenye historia ya moyo au kuzimia, daktari aangalie kwanza, kama kuna mashine ya kupima moyo itumike.

Kwa mawimbi yenyewe: shuka jepesi la pamba, chai isiwe ya moto sana, punguza pilipili na pombe, kitambaa cha maji shingoni. Yakizidi hadi usingizi unakosekana, daktari ana vidonge, kwa mfano medroksiprojesteroni 20 mg kwa siku kwa wiki 10, kisha anapima kama vimesaidia.

#19 Bomba_la_Kaliua

PSA (kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume) inapimwa lini baada ya kuanza? Na ikipanda ndiyo kusema dawa imegoma?

#20 Mfamasia_Isevya

Kabla ya sindano ya kwanza: PSA, testosteroni, wingi wa damu, sukari, figo, ini, presha. Kisha PSA baada ya miezi 3, halafu kila miezi 3 hadi 6, maabara ileile kadiri inavyowezekana.

PSA ikipanda, USIKUBALI kuambiwa "imegoma" kabla ya kupima testosteroni. Damu itolewe siku chache KABLA ya sindano inayofuata, maana hapo ndipo dawa iko chini zaidi. Testosteroni ikiwa juu ya kiwango, saratani haijagoma, sindano ndiyo haikufanya kazi: ilichelewa, ilipikwa na jua, punje ilianguka, au nusu ilibaki kwenye bomba. Rekebisha hilo kwanza. Testosteroni ikiwa chini na PSA bado inapanda, hapo ndipo saratani imejifunza kuishi bila chakula kile na tiba nyingine inaongezwa.

Angalieni vipimo. Kiwango kinachotakiwa ni chini ya 50 ng/dl. Maabara nyingine inaandika ng/ml, hapo ni chini ya 0.5. Nyingine nmol/l, chini ya 1.7. Ukisoma 0.4 ng/ml ukadhani ni maajabu, ni 40 ng/dl tu, yuko sawa. Ukisoma 4 ng/ml ukadhani ni ndogo, hiyo ni 400, korodani zinafanya kazi kama kawaida.

PSA kupanda kidogo mara moja si hukumu. Kinachohesabika ni kupanda kwa asilimia 25 na angalau 2 ng/ml kutoka kiwango cha chini kabisa alichofikia, na kipimo kirudiwe kuthibitisha.

#21 Reli_ya_Kati

Akiongezewa vidonge vya abirateroni, sindano zinaachwa?

#22 Mfamasia_Isevya

HAZIACHWI. Abirateroni inafunga kile kiasi kidogo kinachotoka tezi za juu ya figo na ndani ya saratani yenyewe. Korodani bado zinahitaji kufungwa kwa sindano, isipokuwa kama zimeshatolewa.

Dozi ya kawaida ni 1,000 mg kwa siku, vidonge 4 vya 250 mg, pamoja na prednisoloni 5 mg mara 1 au 2 kwa siku kadiri daktari alivyoandika. Tumbo liwe tupu: saa 2 bila kula kabla, saa 1 baada. Huku kwetu hili si dogo. Mlo wenye mafuta, mfano maharage ya mawese, unaweza kupandisha dawa kwenye damu mara nyingi, hadi mara 10. Saa 11 alfajiri kabla ya chai ni muda mzuri. Prednisoloni yenyewe ale na chakula, isiachwe ghafla. Presha, potasiamu na ini vipimwe mara kwa mara, hasa miezi 3 ya mwanzo. Miguu kuvimba ni ishara ya kurudi kliniki. Mjamzito nyumbani asivishike vidonge hivyo bila glavu.

#23 Mwana_Ujiji

Mifupa je? Nasikia inakuwa kama mabua.

#24 NesiWaGungu

Inapungua ujazo, ndiyo, na misuli inapungua, mafuta yanaongezeka, kitambi kinakuja, sukari inapanda. Kalisi inayotakiwa ni kama mg 1,000 hadi 1,200 kwa siku kutoka kwenye chakula na vidonge kwa pamoja. Watu wa ziwani mmebarikiwa: dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni kalisi tupu. Migebuka mizuri kwa protini, ila mifupa yake tunaitupa, haihesabiki. Tabora maziwa ya mgando. Vitamini D uniti 800 kwa siku pale inapopatikana.

Zoezi: kutembea kwa kasi dakika 30 siku 5 kwa wiki, na kuinuka kwenye kiti bila kushika mara 10, mizunguko 3. Mwenye saratani kwenye pingili asibebe madumu wala magunia mpaka daktari aseme. Asidi ya zoledroniki, dawa ya kulinda mifupa, ni dripu ya 4 mg, isiende chini ya dakika 15. Figo zipimwe kabla, na meno mabovu yang'olewe KABLA ya kuanza, si baada, maana taya linaweza kukataa kupona.

Na hizi dawa za nguvu za kiume za stendi: nyingine zinachanganywa sildenafili kimyakimya, na kwa mzee anayeweka kidonge cha moyo chini ya ulimi presha inaweza kuanguka hapo hapo. Zinazojinadi kupandisha testosteroni ndizo mbaya zaidi, zinarudisha kile tunachokifungia mlango.

#25 Kifua_Chepesi

La mwisho kwangu. Mgonjwa amerudi baada ya siku 5, anasema anagusa kitu kigumu pale tumboni, anataka kitolewe.

#26 NesiWaGungu

Ndiyo punje yenyewe au damu kidogo iliyoganda. Punje inayeyuka yenyewe, haitolewi. Asibinye, asikande kwa maji ya moto, asipake chochote. Michubuko ya rangi ya zambarau inapita ndani ya wiki 1 hadi 2. Pakiwa pekundu, pa moto, pana usaha au uvimbe unakua siku hadi siku, mtazame mwenyewe siku hiyohiyo. Na safari ijayo choma upande wa pili, andika "kulia" au "kushoto" kwenye kadi karibu na tarehe.

#27 Kifua_Chepesi

Ipo kwenye kadi: kulia, Jumatatu. Inayofuata kushoto, 30 Machi.